Ukocha wa besiboli katika vyuo vya Marekani: chuo cha miaka miwili, Daraja la Tatu au Daraja la Kwanza?

Kijana aliyecheza besiboli chuoni nchini Marekani, akafika mwaka wake wa mwisho bila kuchaguliwa na klabu yoyote ya kulipwa, na bado anautamani uwanja, ana njia tatu kuu za kuingia katika ukocha wa vyuo. Anaweza kuanzia katika chuo cha miaka miwili, ambacho kwa kawaida huwa chini ya chama cha NJCAA. Anaweza kwenda katika chuo kidogo cha Daraja la Tatu la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya miaka minne, ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa karo kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Au anaweza kuomba nafasi ya chini kabisa katika benchi la ufundi la Daraja la Kwanza, ambako fainali zimekuwa zikichezwa Omaha, Nebraska, tangu mwaka 1950, na ambako makocha wakuu wa vyuo vikubwa hulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka.

Nazilinganisha njia hizi kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki wanaokulia Marekani, na kwa ajili ya wazazi wao, ambao aghalabu huijua soka kuliko besiboli. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu, kwani mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Lakini kuishi kwa mchezo huu kunahitaji hesabu ambayo mchezaji hafundishwi, na anayeingia kwa mlango usiomfaa huweza kupoteza miaka kabla hajatambua kosa lake. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea: kwa kijana asiye na jina wala familia ya kulisha, chuo cha miaka miwili ndicho shule bora ya ukocha, hata kama ndicho chenye sifa ndogo kuliko vyote.

Kwanza ni lazima tuondoe dhana moja inayotokana na soka. Madaraja ya NCAA, yaliyoanzishwa mwaka 1973, si ngazi ambazo timu hupanda na kushuka kulingana na matokeo. Bingwa wa Daraja la Tatu hatacheza Daraja la Pili mwakani, na chuo kinachoshika mkia katika Daraja la Kwanza hakishushwi. Chuo hukaa katika daraja fulani kwa uamuzi wake, kwa kadiri ya fedha zake na kwa jinsi kinavyoiona nafasi ya michezo katika elimu. Maana yake kwa kocha ni nzito, kwa sababu hawezi kuipandisha timu yake hata akishinda kila mechi; akitaka kupanda, ni yeye atakayeondoka na kuwaacha vijana aliowalea. Anayechagua daraja la kuanzia anachagua pia ni mara ngapi atalazimika kuhama.

Chuo cha miaka miwili

Mchezaji wa chuo cha aina hii hukaa misimu miwili tu, kisha huhamia chuo cha miaka minne, huchaguliwa na klabu ya kulipwa, au huacha mchezo. Kwa hiyo kocha hupoteza takriban nusu ya kikosi chake kila mwaka na hupokea wengine wasiojua mfumo wake. Wengi wa wanaofika ni vijana waliokataliwa kwingine kwa sababu alama zao za sekondari hazikutosha, kwa sababu miili yao ilichelewa kukua, au kwa sababu waliumia bega au kiwiko wakati ule ule ambao wasakaji wa vipaji walikuwa wanatazama. Albert Pujols, ambaye alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mipigo 703 ya kutoa mpira nje ya uwanja, alicheza msimu mmoja katika chuo cha Maple Woods, Kansas City, na mwaka 1999 klabu ya St. Louis Cardinals ilimchagua katika raundi ya 13 ya uteuzi wa kila mwaka, ambamo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, yaani baada ya mamia ya wachezaji wengine.

Wapo pia wanaokuja kwa hiari. Kanuni za uteuzi wa Ligi Kuu ya Besiboli humtaka mchezaji wa chuo cha miaka minne asubiri hadi amalize miaka mitatu ya masomo au afikishe umri wa miaka 21, lakini mchezaji wa chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Ndiyo sababu Bryce Harper aliacha sekondari mapema, akacheza msimu mmoja katika chuo cha Southern Nevada, na mwaka 2010 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa nchini kote.

Kazi ya kila siku hapa haina fahari. Kocha msaidizi hukata nyasi, huchora mistari ya chokaa, hulinda kilima cha mrushaji, yaani mchezaji anayemtupia mpigaji mpira, kisiloe mvua, hufua jezi, na mara nyingi huendesha basi dogo la timu mwenyewe. Asubuhi anaweza kuwa anafundisha darasa la mazoezi ya viungo au anasimamia bweni, kwa sababu mshahara wa ukocha peke yake hautoshi. Hata hivyo, saa zinazobaki zote ni za kufundisha. Mrushaji mwenye mkono wenye nguvu lakini asiyejua mpira unakwenda wapi hawezi kusubiri miaka mitatu. Kocha ana miezi 18 ya kumtengeneza, na matokeo yataonekana mapema kiasi cha kumjulisha kocha mwenyewe kama anajua kazi. Sijaona sehemu nyingine katika mchezo huu ambako kocha wa miaka 24 hukabidhiwa warushaji wote wa timu na kuambiwa awe tayari kufikia Februari.

Fedha za wachezaji hutofautiana mno kati ya chuo na chuo. Katika daraja la juu la NJCAA chuo huruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wachezaji 24, ilhali vyuo vya jamii vya California, vilivyo chini ya chama chao wenyewe, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kocha wa California hushindana kwa ukaribu wa nyumbani na kwa karo nafuu. Kocha wa Texas au Florida hushindana kwa hundi. Ni kazi mbili tofauti zilizovikwa jina moja, na mwombaji anapaswa kujua ni ipi anayoiomba.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Wayne Graham. Aliwahi kugusa Ligi Kuu kidogo kama mchezaji, mwaka 1963 akiwa na Philadelphia Phillies na mwaka 1964 akiwa na New York Mets, kisha akafundisha sekondari huko Texas kwa miaka mingi. Alipochukua chuo cha San Jacinto, karibu na Houston, alishinda ubingwa wa taifa wa vyuo vya miaka miwili mara tano kati ya mwaka 1985 na 1990, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Andy Pettitte, aliyekuja kuwa mrushaji maarufu wa Ligi Kuu. Chuo kikuu cha Rice kilimwajiri akiwa na umri wa miaka 55, umri ambao wengine huanza kuhesabu pensheni. Alikaa huko misimu 27 na mwaka 2003 akakipatia chuo hicho ubingwa wa Omaha. Simtaji ili kusema kwamba kila mtu atangoja hadi miaka 55. Namtaja kwa sababu ufundi aliokwenda nao Rice aliupata mahali ambapo hakuna kamera.

Hasara ya njia hii ni kwamba vyuo vingi vikubwa bado humwona kocha wa chuo cha miaka miwili kama msambazaji wa wachezaji, si kama kocha wa kuajiriwa. Simu zitalia, lakini nyingi zitakuwa zinamuulizia mrushaji wake wa mkono wa kushoto.

Daraja la Tatu

Hapa mechi za msimu wa kawaida ni 40 badala ya 56 za Daraja la Kwanza, na hakuna ufadhili wa michezo. Kocha humshawishi mzazi alipe karo ya chuo binafsi, ambayo mara nyingi ni kubwa sana, kwa kumweleza ubora wa walimu, ukubwa wa madarasa na kazi ambazo wahitimu hupata. Mtu asiyeupenda mjadala wa elimu hatadumu.

Kuna jambo ambalo matangazo ya kazi hayalisemi waziwazi. Vyuo vidogo vingi huishi kwa karo, na timu ya besiboli yenye wanafunzi 45 ni wanafunzi 45 wanaolipa. Kwa hiyo kocha wa Daraja la Tatu anaweza kupewa lengo la idadi ya wachezaji wapya kila mwaka, na mkurugenzi wa michezo akamhoji kuhusu idadi hiyo kabla ya kumhoji kuhusu mechi alizopoteza. Vijana kumi au kumi na watano watakaa msimu mzima bila kucheza, na ni wajibu wa kocha, kwa maoni yangu ni wajibu wa kimaadili, kuwaeleza ukweli huo kabla familia zao hazijatia saini mkopo.

Upande wa pili wa shilingi ni utulivu. Don Schaly alikiongoza chuo cha Marietta, Ohio, kwa misimu 40, kuanzia mwaka 1964 hadi 2003, akashinda mechi 1,442 na ubingwa wa taifa mara tatu. Alikaa mji mmoja, na wachezaji wake wa zamani walirudi na watoto wao kumsalimia. Kwa mtu mwenye mwenzi aliye na kazi nzuri katika mji fulani na watoto ambao hataki kuwahamisha shule kila baada ya miaka miwili, sioni maisha mengine ya ukocha yanayokaribia haya. Mara nyingi kocha huwa na jukumu jingine chuoni, kama vile kusimamia ukumbi wa mazoezi au kufundisha kozi, na jukumu hilo ndilo linalomhakikishia ajira ya kudumu. Shahada ya uzamili husaidia sana, na vyuo vingine huigharimia kwa kumpa kijana nafasi ya msaidizi anayesoma huku akifundisha timu.

Lakini utulivu wa kocha hauwezi kuzidi utulivu wa chuo chenyewe. Tarehe 31 Mei 2024 chuo cha Birmingham-Southern, kilichokuwa Alabama tangu karne ya 19, kilifungwa kwa kukosa fedha, na siku hiyo hiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Eastlake, Ohio, ikianza kucheza katika fainali za taifa za Daraja la Tatu. Vijana walivaa jezi za chuo ambacho hakikuwapo tena. Kocha wao alikuwa amefanya kila alichoweza kufanya uwanjani, akawafikisha kwenye fainali, na bado hakuwa na ofisi ya kurudi. Habari ile iliniuma, na tangu hapo namshauri kila anayeomba kazi katika chuo kidogo asome hesabu za fedha za chuo kwa makini ule ule anaosomea takwimu za wapigaji: idadi ya wanafunzi wapya kwa miaka mitano, ukubwa wa mfuko wa akiba, na kama kuna vitengo vya masomo vilivyofutwa hivi karibuni.

Daraja la Kwanza

Hapa ndipo macho ya wengi yalipo. Hadi mwaka 2023 benchi la ufundi la Daraja la Kwanza lilikuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa kulipwa, na msaidizi mmoja wa kujitolea ambaye hakuruhusiwa kulipwa mshahara na chuo. Huyo wa kujitolea alifanya kazi kama wenzake, akafundisha wapigaji au wadakaji, kisha akaendesha kambi za watoto wakati wa likizo ili apate kodi ya nyumba. Kuanzia tarehe 1 Julai 2023 NCAA ilikifuta cheo hicho na kuruhusu nafasi ya tatu ya kulipwa, na makocha waliokuwa wameishitaki wakafikia nayo mapatano ya zaidi ya dola milioni 49. Kwa anayeanza leo, badiliko hilo ni kubwa kuliko ubingwa wowote, kwa sababu mlango ambao zamani ulihitaji mzazi mwenye uwezo sasa unaweza kuwa na mshahara nyuma yake. Unaweza, nasema, kwa kuwa kila chuo hujiamulia kiasi, na vyuo vidogo vya daraja hili bado hulipa kidogo mno.

Kazi nayo imebadilika. Zamani chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 11.7 tu, uliogawanywa kwa vipande kati ya wachezaji wasiozidi 27, na kocha hodari alikuwa mtu wa hesabu za robo na theluthi. Baada ya mahakama kuidhinisha mapatano makubwa ya fedha za wanamichezo mwezi Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mapatano hayo vinaweza kuwafadhili wachezaji wote, ila kikosi hakipaswi kuzidi 34. Tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na siku hizi anaweza kuhama chuo bila kupoteza msimu. Matokeo yake ni kwamba kocha husajili mara mbili: humsajili kijana wa sekondari, ambaye kanuni hukataza kuzungumza naye kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wake wa tatu wa shule, kisha humsajili upya kila mwezi Juni ili asiondoke.

Kwa msaidizi kijana hii ina maana ya usiku mwingi katika hoteli za barabarani, simu isiyozimwa, na saa nyingi za kusoma takwimu za mitambo inayopima mzunguko na kasi ya mpira. Saa za kumfundisha mtu ana kwa ana huwa chache kuliko anavyotarajia, na zilizo nzuri huchukuliwa na wakubwa wake. Huu ndio upungufu unaonifanya nisite kumpeleka mwanagenzi huko moja kwa moja.

Jingine ni usalama wa ajira. Mike Martin alikifundisha chuo cha Florida State misimu 40, kutoka mwaka 1980 hadi 2019, akashinda mechi 2,029 na kufika Omaha mara 17 bila kutwaa ubingwa hata mara moja, na chuo kilimheshimu mpaka siku ya mwisho. Mwanawe alirithi nafasi hiyo na kuondolewa baada ya misimu mitatu. Kocha mkuu anapofukuzwa, wasaidizi wake humfuata, hata yule aliyehamia mji huo miezi sita iliyopita na mke mjamzito. Na si kufukuzwa tu: mwaka 2024 Jim Schlossnagle aliihama Texas A&M kwenda kwa mahasimu wao, Texas, mara tu baada ya kushindwa katika fainali ya Omaha, na kila aliyekuwa chini yake akalazimika kuanza kupiga simu.

Ingekuwa dhuluma nisiseme faida. Anayefanikiwa hapa hufika mbali kuliko mahali pengine popote. Tony Vitello alipitia miaka mingi ya usaidizi katika vyuo vya Missouri, TCU na Arkansas kabla ya kupewa Tennessee mwaka 2017, akaipa ubingwa wake wa kwanza mwaka 2024, na mwezi Oktoba 2025 San Francisco Giants walimchukua kuwa meneja wao ingawa hakuwahi kucheza wala kufundisha besiboli ya kulipwa. Rod Dedeaux, aliyeshinda ubingwa mara 11 na chuo kikuu cha USC cha Los Angeles, alikubali mshahara wa dola moja kwa mwaka kwa sababu alikuwa na kampuni yake ya malori. Katika maisha ya watu waliomwona Dedeaux kwa macho yao, kazi ile ile imekuwa ya mamilioni.

Kuchagua

Daraja la Pili na vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, nimeviacha kando kwa kuwa vinakaa katikati ya yote haya, ingawa sitaki msomaji avidharau: Ed Cheff alishinda ubingwa wa NAIA mara 16 akiwa Lewis-Clark State, katika mji mdogo wa Lewiston, Idaho.

Kwa kijana wa miaka 23 asiye na mke, mume wala deni kubwa, ningesema aende chuo cha miaka miwili chenye kocha mkuu anayejulikana kwa kufundisha, akae misimu miwili au mitatu, na wakati wa kiangazi aombe kusaidia katika ligi za majira hayo, kama ile ya Cape Cod, ambako atajuana na makocha wa Daraja la Kwanza bila kuwaomba kitu. Aende Daraja la Kwanza moja kwa moja ikiwa tu kocha mkuu anamtaja kwa jina kundi la wachezaji atakalolifundisha. Akiambiwa kwamba atasaidia panapohitajika, ajue atakuwa karani wa video. Aliye na familia na shahada ya uzamili, na ambaye furaha yake ni kumwona mchezaji akihitimu, asione haya kuanza Daraja la Tatu na kubaki huko, mradi hesabu za chuo ni salama.

Katika njia zote tatu, maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini ni ya nyumbani kuliko ya uwanjani: mkataba ni wa miezi mingapi, bima ya afya inaanza lini na inamhusu nani, nani analipa mafuta ya gari wakati wa kusaka vipaji, na ni wasaidizi wangapi wameondoka katika miaka mitano iliyopita na walikwenda wapi. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo ninalolitegemea kuliko barua yoyote ya sifa. Kocha mkuu ambaye wasaidizi wake wa zamani leo ni makocha wakuu mahali pengine anafundisha makocha. Ambaye wasaidizi wake waliacha mchezo kabisa, na aepukwe hata kama ana pete za ubingwa.

Mwezi Januari chama cha makocha wa besiboli, ABCA, hufanya mkutano wake mkuu, na kijana anayetafuta kazi akihudhuria atapata kukaa meza moja na watu ambao barua pepe zao hazijibiwi. Nafasi zenyewe hufunguka kwa mfuatano: makocha wakuu wa vyuo vikubwa huhama mwezi Juni, wasaidizi wao huwafuata Julai, na pengo la mwisho hubaki katika chuo cha miaka miwili au cha Daraja la Tatu katikati ya Agosti, siku chache kabla wanafunzi hawajafungua chuo, ambapo mkurugenzi wa michezo huhitaji mtu anayeweza kuanza Jumatatu.